Mama, Salamu ya Kwenye Tivii Imeitikiwa

Kwako mama yangu uliyetangulia,

Leo Alhamisi nimewasha tivii kwa mara ya kwanza tangu tumalize arobaini yako, nikaitazama ile komedi yako. Kaka bado anasema ni upuuzi mtupu. Mwache! Yeye anajua mpira tu. Mimi nawahimiza watu wote hapa Bangwe waitazame, na asiyetaka shauri yake.

Sababu unaijua. Kwenye michezo mingine, Muha kama sisi akitokea ujue kaletwa achekwe, lafudhi yake na ubishi wake. Humu, yule mama wa Kigoma anayeishi mjini kwa mwanawe hachekwi yeye. Anapiga goti, anapiga makofi polepole, anauliza habari za watoto, za shamba, hadi za mbuzi. Wanaochekesha ni wakwe zake wanaotaka kukimbia kabla hajamaliza. Na kipindi kikifika mwisho, ni yeye tu anayejua nani mle ndani ana shida gani, maana ndiye aliyeuliza.

Unakumbuka siku ya kwanza? Aliingia akasema "Mwakeye!", nawe ukaweka ungo wa dagaa chini, ukapiga makofi, ukamwitikia. Tivii, mama! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Mama, hakusikii huyo. Halafu huku ni jioni, unaitikia salamu ya asubuhi!"

"Kwake ni asubuhi. Salamu haiachwi hewani, mwanangu. Mimi nisipokuwepo, nani atamwitikia?"

Tukadhani utani.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Nilipokuwa nasoma kule Gungu, ulikuja shuleni ukamwamkia mwalimu hivyohivyo, kama mlivyozoea kwenu Simbo, na wenzangu wakacheka. Nikakuambia usirudie, unanitia aibu. Mara iliyofuata ulimpa mwalimu mkono tu, kimya, ukaondoka. Hukunilaumu hata siku moja, nami sikuwahi kukuomba radhi. Nisamehe, mama. Ilibidi mwigizaji nisiyemjua anionyeshe uzuri uliokuwa nyumbani kwetu siku zote.

Basi leo kaingia kama kawaida yake. "Mwakeye!" Nikataka kumwitikia, mikono ikagoma kunyanyuka.

Mara mjukuu wako Neema, huyu anayecheka Kiha changu kila siku, akaweka simu chini. Akapiga goti mbele ya tivii, akapiga makofi polepole, vilevile ulivyokuwa ukifanya.

"Mwakeye, bibi!"

Kisha akanigeukia, kakunja uso kama wewe.

"Mama, mbona unaacha salamu hewani?"

Nikapiga goti pembeni yake, nikapiga makofi hadi majirani wakachungulia dirishani. Nikawaamkia na wao.

Pumzika salama, mama. Wa kuitikia tupo.

Ni mimi binti yako, nisiyeona aibu tena.