Mwiko wa Kumwogesha Baba

Mikinduri, Jumamosi asubuhi

Kwa ndugu yangu Mithika,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumai wewe, Maxine na watoto mnaendelea vyema hapo Kinoru. Ukiuliza hali yangu, mwili ni mzima, lakini nina hasira, na leo nitakwambia yote.

Akili ya Baba inazidi kupotea. Jana alfajiri nilimpata shambani bila suruali, akichuma miraa ambayo haipo, akisema gari linamngoja. Haniiti Gatwiri tena. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, ananiita mama, na akijichafua hakubali kushikwa na mtu mwingine. Cherehani yangu kule sokoni imejaa vumbi; wateja walishahamia kwa fundi mwenzangu Nelius. Hakuna aliyeniuliza kama naitaka kazi hii. Mlisema tu, si Gatwiri yuko nyumbani?

Pasaka ulikuja na soda, ukapiga picha naye, ukaiweka kwenye group ya familia ukiandika kwamba tunamtunza mzee vizuri. Mnamtunza wewe na nani? Kwenye picha hiyo Baba alikuwa amejikojolea, na ile shuka miguuni nilimfunika mimi ili usiaibike.

Hayo ningeyameza. Lakini juzi mzee Mugendi alikuja na wazee wenzake wa ukoo, wakanisomea makosa nikiwa bado na sabuni mikononi. Walisema wewe ndiye umewalalamikia kwamba binti anamwona baba yake uchi, kwamba ni mwiko, na lazima nitoe kondoo wa kunitakasa. Nikawauliza ni nani basi anayefaa kumwogesha. Wakasema ni mwanawe wa kiume. Ai, Mithika! Ulilijua hilo na ukanyamaza?

Basi nimewatii wazee. Barua hii umeitoa mfukoni mwa koti la Baba, na Baba mwenyewe yumo ndani ya hilo koti. Jirani yetu Mutwiri amemleta kwa gari lake hadi getini kwako. Nguo zake ziko kwenye mfuko wa bluu. Nilipomwambia anaenda kwa mwanawe alifurahi sana, halafu akaniuliza huyo mwanawe ni nani. Nililia, sitakuficha, lakini sikumshusha garini.

Maji yawe vuguvugu. Anzia miguuni, anaogopa kumwagiwa kichwani. Nisalimie Maxine na watoto. Na usinipigie simu sasa hivi. Mwogeshe kwanza, halafu unipigie.

Ni mimi dada yako,
Gatwiri