Baba Amegoma Kuwa Nuhu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako upesi maana maji yamenifika shingoni, na sizungumzii gharika.

Mimi ni mwandishi wa filamu, na kanisa letu limenipa kazi ya kutengeneza filamu ya Nuhu, nami kwa furaha nikamchukua baba yangu, mchungaji mstaafu mwenye ndevu nyeupe ambazo hakuna duka linaloziuza, awe Nuhu, mama yangu awe mke wa Nuhu, seremala akatujengea safina ya mbao nyepesi ndani ya ukumbi, tukapandisha mpira wa maji juu yake tupate mvua, mambo yakaenda vizuri mpaka tulipofika kwenye mlango. Niliandika kwamba Nuhu anaufunga kwa mikono yake huku majirani wanagonga, halafu mkewe anaangua kilio kwa sababu mdogo wake amebaki nje, naye Nuhu anamtuliza kwa maneno marefu niliyoyatunga kwa jasho. Mama alipokiigiza kile kilio, hata mpiga picha alijifuta macho kwa mkono wa shati, lakini baba alivua kilemba cha Nuhu akakiweka sakafuni, akasema, "Haya yameandikwa wapi? Mlango ule aliufunga Mungu mwenyewe. Na huyo mdogo mtu umemtoa wapi?"

Nikamwambia, "Baba, hii ni filamu, lazima tutie chumvi kidogo." Weee! Akaja juu: "Neno la Mungu lilikuwa halina chumvi mpaka ulipozaliwa wewe?" Mama naye akadakia, "Mchungaji, haikuandikwa pia kwamba mke wa Nuhu alipika. Kwa hiyo hawakula?"

Tangu siku hiyo baba hatii mguu ukumbini, na mezani anasema "mwambie mama yako anipe chumvi" wakati mama amekaa ubavuni pake. Mama naye ameniapia nisithubutu kukata kilio chake, anasema amekaa benchi la mbele miaka mingi akimsikiliza baba, siku moja tu watu wamemsikiliza yeye. Nikikikata nimemuumiza mama, nikikiacha nimempoteza baba, na nampenda yule mzee jamani, ndiye aliyenisimulia habari za Nuhu kwa mara ya kwanza, akiiga sauti za wanyama wote mpaka kuku. Nifanye nini?

Binti wa Nuhu

*

Binti wa Nuhu, marahaba. Nimecheka sana kwa huyo kuku, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kwenye mlango, baba yako yuko sahihi na wewe umekosea. Mahali Kitabu kilipokaa kimya una ruhusa ya kuwaza, lakini mahali kiliposema, huna ruhusa ya kukisemea mengine. Ulisoma mbio mbio, ukamnyang'anya Mungu kazi yake ukambebesha mzee wa watu. Tena umefikiria ulichomtaka afanye? Mtu aliyeishi miaka yote akifungulia watu mlango, usiku na mchana, umemwambia awafungie majirani usoni huku wanagonga, na kamera inamtazama. Mimi pia ningevua kilemba.

Kilio cha mama yako usikiguse. Watu walibaki nje, hilo limeandikwa, na mwanamke aliyekuwa ndani alikuwa na ndugu kama mimi na wewe. Hakuna mahali paliposema alilia, wala paliposema hakulia. Mzee aliyekusimulia akiwika kama kuku ndani ya safina alikuwa anafanya kazi hii hii unayofanya wewe, ila usimwambie hivyo sasa hivi, atazidi kununa. Na mwanzoni mwa filamu weka maandishi makubwa yanayosomeka, kwamba mengine humu mmeyawaza wenyewe, ili mtoto wa mtu asirudi nyumbani akidhani yule mdogo mtu yumo kwenye kitabu cha Mwanzo.

Sasa nenda kwa baba yako leo, bila karatasi mkononi. Mwambie, "Baba, kwenye mlango nilikosea." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini" umeharibu kila kitu, na nyie waandishi nawajua. Seremala afunge kamba kwa nyuma, mlango ujifunge bila kuguswa na mkono wa mtu.

Na yale maneno yako marefu ya kumtuliza mke, yafute. Najua yanauma, pole. Kabla ya kukujibu nimefungua Mwanzo nikasoma polepole, tangu Nuhu anaagizwa kujenga mpaka anashuka nchi kavu, na mzee hasemi hata neno moja. Mungu anasema, Nuhu anatenda, basi. Kwa hiyo mpelekee baba yako kitu ambacho hata yeye hawezi kukipinga: mlango umeshafungwa, asimame karibu na mkewe, amsikilize akilia mpaka mwisho, asihubiri.

Kwa mchungaji hiyo ni kazi nzito kuliko kujenga safina, lakini anampenda, ataiweza. Na mama yako mwambie asifanye haraka, alie mpaka aridhike.