Siku tuliyopaka sebule buluu ya giza

Jumamosi, Bunia. Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi limerudi barabarani. Mikono yangu bado inanuka mafuta ya taa niliyotolea rangi.

Leo tumepaka sebule. Nimeingoja siku hii tangu tuhamie hapa. Kila mwaka mume wangu, Elie, alisema tungoje kwanza tuone hali ya usalama. Hali ya hapa inaweza kugeuka kati ya chai na chakula cha mchana, kwa hiyo tungengoja mpaka tuzeeke. Safari hii nilimwambia nimechoka kungoja, na nimechoka na krimu pia. Mtaa mzima ni krimu juu na kahawia chini, kama ofisi ya serikali.

Nilitaka buluu ya giza, ile inayokaribia kuwa nyeusi. Dukani haikuwepo. Tulinunua buluu na nyeusi, tukachanganya wenyewe kwenye ndoo, Elie akikoroga na kulalamika kwamba mwanga wa balbu yetu moja ya sola utamezwa.

Ili tupake, tulitoa kila kitu nje: viti, meza, sufuria, na magodoro ya watoto, maana wanalala sebuleni. Magodoro tuliyakunja tukayafunga kamba, yasichafuke.

Hapo ndipo nilipokosea.

Kwetu hapa, vitu vya nyumba vikitoka nje vyote kwa pamoja, ni matanga au ni kukimbia. Kilio hakikusikika. Jirani yetu Mama Furaha, aliyekimbia vita Djugu akafika Bunia na watoto wanne na sufuria moja, alielewa alivyoelewa. Nilipotoka kupumua nilimkuta uani kwake, godoro limefungwa, mtoto mdogo mgongoni, wakubwa wamevaa viatu na kila mmoja ana mzigo kichwani.

Nikiri: nilipomwona hivyo, na mimi nilidhani amesikia kitu. Nilianza kuwatafuta wanangu kwa macho.

"Siye ni majirani, Mama Gloire," aliniambia. "Mulisikia habari, juu ya nini hamukutuambia?"

Hakupaza sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka tu.

Nilimshika mkono nikamwingiza sebuleni. Rangi ya mkono wa kwanza ilikuwa bado mbichi, yenye mistari mistari kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Elie alikuwa juu ya ngazi. Mama Furaha aligusa ukuta kwa kidole, akakiangalia.

"Muko napaka rangi?"

"Tuko napaka tu, mama."

"Mutu wa kukimbia hawezi paka rangi," alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe.

Akaketi chini kwenye sementi, akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Mimi nililia. Niliona aibu, na bado nilikuwa naogopa.

Sasa ni jioni na sebule imependeza kuliko nilivyotegemea. Kuhusu balbu, Elie alisema kweli. Vumbi jekundu nalo linaonekana kuliko lilivyoonekana kwenye krimu, jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Lakini ukikaa humo unajisikia umefunikwa vizuri. Sirudi kwenye krimu.

Kabla ya kuondoka, Mama Furaha aliuliza kama kuna rangi itakayobaki kwenye ndoo. Nyumba yake ni ya udongo na hajawahi kuipaka kitu.

"Uniachie kidogo," alisema. "Hata ukuta moja tu."

Imebaki ya kutosha. Kesho tukitoka kanisani nitampelekea, pamoja na brashi. Kutoka hapa nilipokaa naliona godoro lake, limeegemezwa mlangoni, bado limefungwa.

Tutaanza kwa kuifungua hiyo kamba.