Ufagio wa Mama Mukwe na Mipruni Yangu

Jumamosi, mwezi wa nane ukielekea kuisha. Baridi imetuaga na vumbi limeshika zamu. Tangu asubuhi upepo unapiga mabati, na midomo ya kila mtu hapa Katuba imepasuka. Lakini mimi leo nina furaha, na nitaiandika kabla haijapoa, hata kama gauni la mteja liko mapajani na cherehani inaningoja hapa barazani.

Mipruni yangu imechanua.

Miwili kati ya mitatu, niseme ukweli. Maua madogo meupe yametangulia kabla ya jani lolote, na nyuki wamejaa tangu jua lipande. Watu wa mtaa huu waliniambia pruni ni tunda la bustani za wakubwa wa mjini, eti Katuba halitaota. Niliwaacha waseme. Udongo wa kichuguu niliutoa mashambani huko Annexe, magunia kwa magunia, nikauchanganya na mavi ya mbuzi. Ninapogoa wakati wa baridi, majani yakiwa yameanguka, na katikati ya mti naacha wazi jua liingie. Maji siyamwagi kwenye shina, nayamwaga pale ncha za matawi zinapoishia, maana mizizi inayokunywa iko huko. Mwaka jana matunda yalishikana mno, nikayapunguza karibu nusu yakiwa bado mabichi. Baba Salumu, mume wangu, aliniita mwendawazimu. Mwezi wa kumi na mbili alipokula yale yaliyobaki, mekundu, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, hakulirudia neno lile.

Kwa hiyo miti naijua. Ni watu ndio walionishinda kidogo wiki hii.

Mti wa tatu uko karibu na jiko. Ndio niliotangulia kuupanda, na ndio naupenda kuliko ile mingine, ingawa siwezi kusema kwa nini. Mwaka huu haukutoa hata ua moja. Ncha zake zimekauka, na chini mizizi imetoka nje, mikavu, imechubuka. Niliinama kuitazama nikajua mara moja.

Ni ufagio.

Mama mukwe, mama yake Baba Salumu, alikuja kutoka Kasongo mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimepamba moto. Mume wake alikuwa amefariki, na kule hakubaki mtu wa kuishi naye. Alishuka kwenye treni na fungu moja la nguo. Hapa kwetu kila kazi ina mwenyewe: mimi napika na kushona, wasichana wetu wanafua, Baba Salumu yuko zamu kule kwenye mgodi wa shaba. Yeye akajitafutia kazi yake. Kila alfajiri, akishamaliza kusali, anachukua ufagio na kufagia lupango yote, kiwanja chetu kizima, kutoka mlangoni hadi kwenye ua wa nyuma, mpaka ardhi inabaki tupu na mistari yake imelala sawasawa. Halafu anakusanya majani na kuyachoma.

Nani atamlaumu? Hata mimi nililelewa hivyo. Hapa kwetu mwanamke anajulikana kwa lupango yake, na jani likilala mlangoni mpaka saa tatu, majirani wanauliza kama kuna mgonjwa ndani. Ila mimi nilikuwa nafagia njia na mbele ya mlango, basi. Chini ya miti sikufika. Yeye alifika, akalegeza udongo kila siku, mvua ikaja nyuma yake ikaubeba.

Nilijaribu ujanja kwanza. Nilikata majani makavu nikayatandaza chini ya mti ili yatunze unyevu. Kesho yake nikakuta moshi. Nikatandaza tena, moshi tena. Naye akaniambia kwa upole kwamba watoto wangu wanatupa takataka pale jikoni, niwakanye.

Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Mimi, ambaye wauza kitenge wote wa soko wananiogopa nikianza kukataa bei.

Niliogopa kitu kimoja tu. Mara mbili tangu aje amemwambia mwanawe kwamba atarudi Kasongo, kwa sababu hapa anakula bure. Nikimnyang'anya ufagio, nimemwambia kweli, unakula bure. Atafunga fungu lake, atakwenda kukaa peke yake katika nyumba ile, na Baba Salumu atanitazama kwa lawama hadi uzee. Tena mimi mwenyewe nimeshamzoea. Nikishona, anakaa pembeni yangu akitoa maganda ya karanga, na saa zinakwenda haraka.

Lakini mti nao unakufa mbele ya macho yangu, na mingine miwili iko kwenye foleni.

Juzi, Alhamisi, nilichoka kuwa mwoga. Nilimshika mama mukwe mkono nikampeleka chini ya mti, nikauweka mkono wake juu ya mzizi. Nikamweleza taratibu. Mti huu chakula chake kiko hapa juu, karibu na uso wa ardhi. Majani yanayoanguka ndiyo blanketi lake, na yakioza ndiyo chakula chake. Yanatakiwa yawe mazito, lakini yasiguse shina, yaachiwe nafasi ya kiganja, na chini yake majivu kidogo ya kufukuza mchwa.

Alisikiliza yote. Halafu akaniuliza, "Njo mimi niko naua huu muti?"

Ningeweza kusema ni jua. Ningeweza kusema ni wadudu.

Nikamwambia, "Ni ufagio, Mama."

Aliuegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jana, Ijumaa, niliamka kwa ule ukimya. Sikujua kwamba nimeuzoea mlio wa ufagio kiasi hicho. Majani ya mti wa avoka wa jirani yalijaa hadi mlangoni na hakuna aliyeyagusa. Mimi pia sikuyagusa, ningefagia kwa uso gani? Alitoka kunywa chai, akarudi ndani. Mlango ulipokuwa wazi niliona fungu lake kitandani, limefungwa. Baba Salumu akauliza mama yake ana nini. Nikamwambia kila kitu. Hakunigombeza. Alikaa tu akitazama ule mti wa jikoni, na hilo liliniumiza zaidi.

Leo ni salongo, kazi ya lazima ya usafi wa mtaa. Tumetoka mapema, wanawake wa mtaa mzima, kuzibua mifereji. Nilishika jembe lakini mawazo yalikuwa kituo cha treni. Niliporudi, matope hadi magotini, nikasimama mlangoni.

Lupango ilikuwa imefagiwa. Mistari ile ile, imelala sawasawa. Lakini kuzunguka kila mpruni palikuwa na duara la majani makavu, mazito, na kati ya majani na shina ipo nafasi ya kiganja, kama nilivyomwambia. Pembeni nikaona majivu. Majani yetu yasingetosha hata mti mmoja. Jirani akanisimulia kutoka upande wa pili wa ukuta, anacheka, kwamba bibi yetu amepita nyumba kwa nyumba na gunia akiomba takataka za watu.

Sijamaliza kushangaa, msimamizi wa salongo akaingia kukagua, na suti yake ya abakosti na fimbo yake. Akaelekeza fimbo kwenye duara la jikoni, akaniita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali.

"Citoyenne, hii bucafu inafanya nini hapa?"

Nilifungua mdomo. Mama mukwe akanitangulia, ametoka nyuma ya jiko na ufagio mkononi.

"Haiko bucafu, baba. Njo chakula ya muti. Usikanyage."

Yule bwana akamtazama, akautazama ufagio, akaitazama ile mistari ambayo hakuna lupango nyingine Katuba iliyo nayo. Akarudisha mguu nyuma, akaenda kwa jirani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini na matope yangu. Yeye hakucheka. Alikuwa anayatazama maua, na akaniuliza yatakuwa matunda lini. Nikamwambia mwezi wa kumi na mbili, mvua zikikolea. Akauonyesha ule wa jikoni, usio na ua. "Na huu?"

"Huu si mwaka huu, Mama. Tukiulisha vizuri, mwaka kesho."

Alirudisha jani moja lililotoka nje ya duara.

"Basi nitangoja wa mwaka kesho," akasema, akaingia ndani. Nilimfuata kwa macho kupitia mlango ulio wazi. Alikuwa anafungua fungu lake na kuzipanga nguo moja moja kwenye rafu.

Gauni la watu sijaligusa. Mteja atakuja na nitamdanganya kwamba sindano ilivunjika. Kesho alfajiri ufagio utaanza kulia nje, nami nitageukia upande wa pili nilale.