Swali la Punda

Jumapili, 25 Mei 2025

Mchungaji kanipangia somo la watoto la Jumapili ijayo: Balaamu na punda wake. Nimefurahi. Wanyama wanaosema huwatuliza hata wale watundu.

Jioni kaka Ngosha kapiga simu kutoka Misungwi. Baba anakuja kutolewa mtoto wa jicho. Atafikia kwangu hapa Nyakato.

Nikamwuliza, amekubali?

Akajibu, kulala amekubali. Kuongea, sijui.

Miaka minne sasa. Tangu nilipotia saini karatasi ya upasuaji wa mama. Daktari alisema hakuna muda. Baba alikuwa njiani, simu yake haipatikani. Mama hakutoka hai. Msibani baba akasema mbele ya watu kwamba nimemwondolea mke kwa kalamu. Tangu hapo hajanipa neno.

Jumanne, 27 Mei

Baba amefika. Amekonda. Nikapiga goti, "Shikamoo, baba." Akatikisa kichwa, akapita ndani. Shikamoo yangu imebaki pale mlangoni.

Nikaingia jikoni kusonga ugali. Mara nasikia mtu anaongea nje. Ni baba, yuko kwenye uzio. Jirani yangu Zahabia, mwenye duka la vitenge, amefunga pale mbuzi wa kuchinja sikukuu ya Idi. Baba anaongea na huyo mbuzi Kisukuma. Anamwuliza wamemtoa wapi, huko kwao majani yakoje mwaka huu. Sauti ile ile aliyoniitia nilipokuwa mdogo, tukirudisha ng'ombe.

Nimesimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua. Nimemwonea wivu mbuzi — mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa.

Alhamisi, 29 Mei

Jicho limefanyiwa upasuaji leo asubuhi. Kabla hawajaanza, muuguzi alinipa karatasi nitie saini. Mkono ukagoma. Nikampelekea baba. Akaweka dole gumba mwenyewe, bila kunitazama.

Alasiri Zahabia akaja na chupa ya chai ya tangawizi kumjulia hali. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu." Wazi kabisa, hata na tabasamu.

Nikamweleza Zahabia somo langu la punda. Akasema kwao Waislamu wanaye hudhud, ndege wa Nabii Suleimani. Siku moja mfalme alikagua ndege wake, hudhud hayupo. Akaapa kumwadhibu, pengine kumchinja, asipoleta sababu ya maana. Ndege akarudi na habari za malkia wa nchi ya mbali.

"Mfalme mzima, Modesta, na ndege kiganja kimoja. Lakini alimsikiliza kwanza."

Baba yuko pale pale, jicho lina bandeji. Sijui kama Zahabia anajua mambo yetu. Nadhani anajua.

Jumamosi, 31 Mei

Zamu ya kiwanda cha samaki imeisha saa nane. Nimeoga mara mbili, bado nanuka sangara. Nikakaa sebuleni kujaribu somo kwa sauti. Baba kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Nikasimulia punda alivyomwona malaika njiani, akakwepa, akapigwa. Mara tatu. Mungu akamfungua kinywa. "Punda akamwambia bwana wake, mbele yetu yuko malaika—"

"Hapana."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Hakusema hivyo," baba akasema. "Mama yako alikuwa ananisomea. Punda hakujieleza. Aliuliza, nimekukosea nini."

Nikafungua Biblia, nikasoma. Ni kweli. Habari ya malaika hakuigusa kabisa. Aliuliza kosa lake. Akauliza tena kama amewahi kumtendea bwana wake hivyo siku zote alizombeba. Balaamu akakiri, hapana. Ndipo akafumbuliwa macho.

Nimefundisha hadithi hii miaka sita!

Na mimi je? Miaka minne natuma maelezo kwa mdomo wa Ngosha. Presha ilikuwa kiasi gani, damu ilipotea kiasi gani, daktari alitoka saa ngapi. Kuuliza sijawahi hata mara moja.

Nikafunga Biblia. Niliogopa nikisema kitu atarudi kwenye kimya chake.

Jumapili, 1 Juni

Watoto walikuwa arobaini. Rebeka, wa miaka minane, akauliza kwa nini punda hakukimbia baada ya fimbo ya kwanza. Nikasema alikuwa wake tangu zamani, angekwenda wapi. Akaonekana hajaridhika. Hata mimi sijaridhika.

Nimerudi, baba yuko nje kwenye mkeka. Nikakaa chini pembeni yake. Nikasema kabla woga haujanipata, "Baba, nilikukosea nini?"

Nikajua atataja karatasi. Majibu yangu yote ninayo, nimeyapanga miaka minne.

"Karatasi, hata mimi ningeweka dole," akasema. "Nilisema vile kwa uchungu. Lakini wewe ndiye ulikuwa naye. Mimi nilimkuta mochwari. Ulinieleza damu, ukanieleza presha. Mama yako hukunieleza."

Katika yale majibu yote hili halikuwemo.

"Alisema nini," akauliza, "kabla hawajamwingiza?"

Nikamwambia. Mama alinishika mkono, akasema yule ng'ombe mwekundu asikamuliwe mpaka ndama ashibe, na kwamba baba husahau. Mimi niliona ni maneno ya homa. Sikumwambia mtu yeyote.

Baba akageuza uso. "Rudia."

Nikarudia. Akauliza, "Alisema nasahau?"

"Ndiyo, baba. Alikuwa anacheka kidogo."

"Rudia tena."

Nimerudia mara tatu. Sasa ameniomba chai, tena kwa jina langu. Amesema nikirudi nianzie asubuhi ile tulipotoka na mama nyumbani, nisiruke kitu. Naandika hapa nimesimama, daftari juu ya kabati. Kuna neno moja mama alilisema kwenye gari, kumhusu baba, si zuri. Sijui kama—

Maji yamechemka. Ananiita.