Ini la Zuhura Halikuitika

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama naye shikamoo. Natumaini kifua cha Mama kimepata nafuu sasa mvua zimekatika, na kwamba hapo nyumbani Kanyenye wote ni wazima. Mimi na mdogo wangu Zuhura hatujambo. Baridi ya huku imemchubua midomo, lakini anakula vizuri na amekwisha kuzoeana na wauguzi wote wa wodi.

Vipimo vimekwisha. Najua ulimruhusu afuatane nami niliporudi masomoni ili achomwe sindano za kumrefusha, na kwamba ulimtoa shule akisubiri kufikia kimo cha wenzake. Sindano amechomwa. Hazikufanya kazi, na daktari anasema hata zikiendelea hazitafanya. Nitakueleza sababu, maana ndiyo kazi ninayojifunza katika maabara ya hapa.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kukua. Tulidhani Zuhura hana homoni hiyo, ndiyo maana sindano zilikuwa za kumwongezea. Kumbe anayo, tena nyingi kuliko yangu mimi. Ila homoni hii hairefushi mifupa peke yake. Sehemu kubwa ya kazi yake hupitia kwenye ini. Chembe za ini zikipata ujumbe wake, nazo hutoa kitu kingine kinachokwenda na damu mpaka kwenye mifupa na kuiambia ikue. Kwa Zuhura ujumbe unafika, ini haliitiki. Tulipopima damu yake baada ya sindano, kile kitu cha ini hakikuongezeka. Nilirudia kipimo kwa mkono wangu, matokeo yakawa yale yale.

Daktari aliuliza kama wazazi wetu ni ndugu. Nikamwambia baba zao walizaliwa tumbo moja. Akasema yaelekea wewe na Mama kila mmoja anabeba kasoro hiyo bila kuumwa, na Zuhura ameipata ya pande zote mbili. Si kosa la yeyote. Kwa hiyo, Baba, nakuomba umwambie Shangazi, kwa upole lakini mbele ya watu, kwamba si kweli, kama asemavyo yeye, kuwa mtoto alidumaa kwa sababu Mama alimruka akiwa amelala. Mama ameyabeba maneno hayo miaka mingi bila kujibu.

Zuhura nilimweleza mchana ule ule, tumekaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Kwa hiyo sitakua?" aliniuliza.

"Labda kidogo tu."

"Na akili? Ini linazuia akili?"

"Hapana."

"Sasa Baba alinitoa shule kwa nini?"

Nilimwambia ulichelea watoto wasimcheke. Akasema walikuwa wakimcheka tangu zamani na bado alikuwa akishika namba nzuri. Kisha akalia, nami nikakaa naye mpaka akanyamaza.

Kesho yake alikuwa ameshaamua. Anataka kumaliza masomo, kisha aende Ipole kwa Mjomba, kwenye kijiji cha ujamaa, akafundishe madarasa ya watu wazima, maana Mjomba alituambia hawana mwalimu. Nilimkumbusha kwamba wanafunzi wa kule ni wakulima wa tumbaku, watu wenye ndevu, na yeye hawafiki hata kifuani.

"Ubao si unashushwa?" akasema.

Sikumpinga. Nakuomba nawe usimpinge. Nitamleta likizo ikianza, na akishapumzika umpeleke shule wewe mwenyewe, si mtu mwingine, ili walimu waone kwamba baba yake amekuja naye.

Mpe Mama pole kwa kuwa tumemwacha peke yake na kazi za nyumbani. Nisalimie Shangazi, na Mjomba akija mjini kuleta asali. Jirani yetu fundi cherehani pia msalimie, na umwambie kwamba Zuhura atahitaji sare mpya. Safari hii asiache pindo refu la kukulia. Ashone kwa kimo alicho nacho.

Ni mimi mwanao,
Seif