13i Mbele ya Inspecteur

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Kadutu tuko wazima, ila jogoo ya papa yako imeanza kuwika saa sita ya mchana.

Unauliza: kwa nini wanaleta ile namba i mu hesabu, kama mwishoni inapotea? Na mimi ilinisumbua.

Wakati wa Zaïre, inspecteur, mkaguzi wa masomo, alikuja kupima mwalimu wetu. Mwalimu akaniita mbele kwa tablo, ule ubao wa kuandikia, nirahisishe (3 + 2i)(3 − 2i). Nikazidisha polepole. 6i na −6i zikamalizana. i mara i ni −1, kwa hiyo 9 na 4, ikatoka 13.

Nikaona haya. Wamenipa i mbili, nirudishe jibu bila hata moja? Kwetu sahani ya jirani hairudi wazi, bila kitu ndani. Nikaandika 13i.

"Citoyenne, hii i inatoka wapi?" inspecteur akauliza. Wakati ule hakukuwa bwana wala bibi, wote tuliitana citoyen na citoyenne, ni kusema raia.

"Ni ya kurudisha, citoyen. Mulitupatia mbili."

Darasa lote likacheka. Mwalimu akafunika uso na mikono. Inspecteur akafuta ile i na kidole: "Hii ilikuja kusaidia kazi. Kazi imeisha, wacha iende."

Mwenye alicheka kupita wote ni koko yako mwanaume, alikuwa anakaa nyuma yangu. Kesho yake akaleta kwetu sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Alijua vizuri nitairudisha, na haitarudi wazi.

Niliirudisha na mayai sita. Ndivyo papa yako alianza safari ya kuzaliwa.

Koko yako,
M'Nabintu